Mguu wa Nyangi na Sindano Yangu

Wanangu mlioshika sindano mwaka huu, na nyie mtakaoishika mwakani, nimejaribu kuandika haya mara nne na mara zote nne nimeinuka kitini kabla ya kumaliza ukurasa. Naenda kuangalia sufuria ambalo halijabandikwa, nafungua dirisha, nalifunga. Majirani zangu hapa Buhare wananiambia, "Nesi Wegesa, umestaafu, sasa upumzike." Kupumzika kwenyewe sikujui. Nikikaa, goti linacheza. Kanisani watu wakisimama kuimba, macho yangu yanakwenda kwenye nyonga za walio mbele yangu, huyu mfupa wake uko wapi, na yule je, na wimbo unaisha sijaimba hata ubeti mmoja.

Kilichonifanya nishike kalamu ni jambo la wiki iliyopita mjini, pale Iringo. Niliingia duka la dawa kununua vidonge vyangu vya presha, nikamkuta binti wa koti jeupe anamchoma mama mmoja sindano. Mama amesimama, ameegemea kaunta. Kwa mkono mmoja amepandisha gauni kutoka chini, kwa mkono mwingine ameshika simu, anagombana na mtu kuhusu mbao. Binti kaona kipande cha ngozi cha ukubwa wa sahani ya chai, kakipaka spiriti, sindano iko hewani.

"Acha hapo hapo!" nikapiga kelele.

Mama akaangusha simu. Binti akageuka, akanitazama kama mtu aliyekuta mbuzi jikoni. "Bibi, kwani wewe nani?"

"Mfupa wake umeugusa?"

"Mfupa gani tena? Mimi nachomaga nyama, bibi, sio mfupa."

Watu wakacheka. Mwenye duka akanishika kiwiko kwa adabu, akaniomba nisubiri nje. Vidonge sikununua. Nilitembea kwa miguu mpaka Buhare, jua kali, najibizana na yule binti kichwani njia nzima, mpaka nilipofika kwenye mlango wangu ndipo nikakubali kwamba nilikuwa nagombana na mtu mwingine. Yule binti alikuwa anafanya kile kile nilichowahi kufanya mimi, kwa mkono huu huu ulioshika kalamu. Mimi nilikuwa nimefundishwa vizuri, tena na mtu aliyeijua kazi. Kwa hiyo sina hata kisingizio cha kutojua.

Aliyenifundisha ni Mzee Mafuru, muuguzi wa Kijita, mwembamba, sauti ya chini, mkali kuliko matroni yeyote. Wiki mbili za kwanza alitunyima sindano. Alitupanga wawili wawili, wasichana kwa wasichana, wavulana kwa wavulana, tukatafutana mifupa juu ya nguo. Tulicheka mpaka tukalia. Yeye hakucheka. Alisema nyama ya mtu inaongezeka, inapungua, inazeeka, inashuka, ila mfupa unakaa pale pale ulipowekwa, kwa hiyo atakayeuliza nyama njia atapotea. Akatufunga macho kwa vitambaa tukarudia. Mimi niliambiwa nitafute nyonga ya mwenzangu aliyefunikwa blanketi mbili, nikashika mto, nikatangaza kwa sauti kubwa kwamba nimeipata. Jina la "Nesi wa Mito" lilinifuata mpaka siku ya mahafali.

Basi nyosheni mkono, niwaambie alivyotuambia. Mlaze mtu ubavu, goti la juu likunjwe kidogo, nyama ilegee. Tafuta ule mfupa unaochomoza pembeni, ambao ukilala ubavu kwenye mkeka ndio unaokuuma. Weka kiganja chako juu yake. Nyonga ya kushoto unatumia kiganja cha kulia, nyonga ya kulia kiganja cha kushoto, kidole gumba kielekee kwenye kinena. Kidole cha shahada kiguse ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, pale mkanda wa suruali unapokaa kwa mtu asiye na kitambi. Kidole cha kati ukisukume nyuma, kifuate ukingo wa nyonga, ule ambao mama yako hushika akijiandaa kukugombeza. Kati ya vidole hivyo viwili pamefunguka nafasi. Humo nyama ni nene, mishipa mikubwa haipiti, na sindano inaingia moja kwa moja bila kuinamishwa.

Siku zile wengi wetu tulichoma nyuma, kwenye tako lenyewe. Unaligawa mara nne, unachoma robo ya juu ya nje. Mzee Mafuru alitufundisha hiyo nayo, lakini kila alipoifundisha alishusha miwani. Katika tako unapita mshipa wa fahamu mnene kushinda yote mwilini, unatoka kiunoni, unashuka mguuni, na huo ndio unaoinua kanyagio la mguu unapopiga hatua. "Robo ya juu ya nje ya tako lote," alisema. "Nimesema lote." Niliandika kwenye daftari, nikapigia mstari, na sikuelewa kwa nini alirudia.

Kuelewa nimekuja kuelewa kwa nguo za watu. Sisi watu wa Mara tuna haya, na haya zetu zina utaratibu. Mzee akija na homa, mbele yake kasimama nesi ambaye angeweza kuwa mke wa mwanawe, atashusha suruali vidole viwili, basi, na hapo kishafumba macho. Mama wa gauni hafungui kitu. Anapandisha kutoka chini, tena upande mmoja. Sasa nesi anagawa nini mara nne? Anagawa kile alichoonyeshwa. Suruali ikishushwa kidogo, unaona juu tu, sindano inakwenda kugonga ukingo wa mfupa. Mtu anaruka, anakutukana kwa lugha ya kwao, mnasameheana. Gauni likipandishwa kidogo, unaona chini tu. Robo ya juu ya nje ya kile kipande cha chini iko wapi katika tako zima? Haya, shikeni miili yenu wenyewe, mtafute. Iko katikati. Iko juu ya njia ya ule mshipa.

Hii sijaikuta kwenye kitabu chochote nilichosoma, na imenila miaka mingi. Kabla sijawaambia ilivyonila, niwape kimoja cha kucheka, maana naona kalamu imeanza kukimbia.

Bunda nilifanya kazi miaka kadhaa. Kulikuwa na mama mmoja muuza dagaa, mwili amejaliwa, na siku moja tu ya homa ya mapafu ilimtosha kuona kifo. Niliweka kiganja pembeni mwa nyonga yake, mfupa sikuuona. Nikabonyeza, sikuuona. Nikabonyeza kwa kiwiko. Akageuza shingo, "Nesi, unakanda unga?" Nikakumbuka ujanja wa Mzee Mafuru. Nikamwambia, "Mama, zungusha mguu ndani na nje, polepole, kama unazima kijiti cha moto kwa kisigino." Akazungusha, na chini ya kiganja changu kitu kigumu kikabingirika. Ule ndio mfupa. Mtu awe mnene namna gani, akizungusha mguu mfupa utajitaja. Wagonjwa wengine kwenye foleni walikuwa wanachungulia, na yule mama akawaambia, "Mnashangaa nini? Hapa dawa inachezewaga ngoma kwanza!" Alipona, na mpaka anahama Bunda alikuwa akinipita sokoni anazungusha mguu.

Haya. Nyangi.

Kabla ya Bunda nilikuwa zahanati moja ndogo upande wa Buhemba, wauguzi wawili na mganga mfawidhi mmoja. Ulikuwa msimu wa malaria, enzi za kwinini ya sindano. Leo mna dawa nyingine, na nyingi mnapitisha kwenye mshipa wa damu, mshukuruni Mungu. Kwinini ilikuwa kali, nzito, ikikaa vibaya inaunguza nyama.

Mchana mmoja, foleni imefika mpaka kwenye mti wa mwarobaini, akaletwa mtoto wa kike wa miaka saba, anaungua homa, kishatapika dawa ya vidonge mara mbili. Jina Nyangi. Baba yake, Wambura, alimleta kwa baiskeli. Mama yake alifuata kwa miguu pamoja na Robi, mke wa Sospeter, mdogo wake Wambura. Hawa wote waliishi mji mmoja, maana kwetu nyumba zote za mzee mmoja na wanawe tunaziita mji, na mzee wa mji ule alikuwa Magesa, babu yake Nyangi. Robi alikuwa hajajaliwa mtoto. Nyangi alikuwa ndiye kivuli chake. Alimsuka, alimwogesha, na kila jioni alimkimbiza uwanjani mtoto akikataa maji.

Nilichukua sindano, nikaenda pajani, upande wa nje. Kwa mtoto ndiko kunakofaa, kwa sababu kiganja cha mtu mzima kinafunika nyonga yake yote na alama unazipoteza. Maelekezo hayo yalikuwepo hata wakati ule. Mama yake akanishika mkono.

"Nesi, usichome hapo. Pajani inamfanyaga mtoto achechemee siku mbili, na shule yenyewe iko mbali. Mchome nyuma."

Ningeweza kumwelewesha. Dakika tatu zingetosha. Lakini niliangalia foleni, nikasema sawa.

Mama akaketi, akamlaza Nyangi kifudifudi mapajani. Wambura alikuwa amesimama mlangoni, na mama hakutaka kumvua binti mbele ya baba yake, kwa hiyo akapandisha sketi ya shule kutoka chini na kuvuta chupi pembeni kidogo. Robi akamshika miguu. Mtoto akapiga mateke, na Robi akamtania ili acheke, "Leo miguu yako nimeikamata. Kesho hunikimbii tena!" Tukacheka. Wambura alicheka, na mimi nilicheka. Kisha nikagawa kile kipande nilichokiona mara nne, nikachoma.

Vilio vya watoto mtavizoea, mtavijua kwa aina. Kile hakikuwa kilio cha sindano. Kanyagio la mguu lilishtuka lenyewe mkononi mwa Robi, na mtoto akavuta pumzi ndefu bila sauti kabla ya kulia. Nilipomaliza aliwekwa chini, akapiga hatua mbili, na mguu wa kulia ukaanguka ubapa sakafuni, pap, pap.

"Dawa ni nzito," nikasema. "Atakuwa sawa."

Walipoondoka niliita mgonjwa aliyefuata, na aliyefuata, na baada ya kumaliza foleni nikaingia chumba cha kubadilishia nguo. Nikapandisha sketi yangu kutoka chini, vile vile ilivyopandishwa ya Nyangi. Nikaweka kidole pale nilipochoma. Halafu nikavua yote, nikatafuta mifupa, nikapima njia ya mshipa kutoka mfupa mmoja hadi mwingine. Kidole changu kilikuwa juu yake. Nilibaki nimekiweka pale pale, nimeganda, mpaka mwenzangu akagonga mlango akauliza kama nimezimia.

Homa ya Nyangi ilishuka siku ya pili. Siku ya tatu mama yake akamrudisha kwa sababu mguu bado unaburuta. Nilimlaza, nikakuna unyayo, nikamwambia ainue vidole. Aliniangalia usoni, akakaza midomo, akajitahidi kwa nguvu zake zote, na vidole vikalala. Nilimwambia mama yake kwamba mguu unahitaji mazoezi, kwamba kanyagio lisiachwe likaning'inia kwa sababu kano ya kisigino itafupika. Yote hayo ni kweli. Sikusema kwa nini.

Kuanzia siku hiyo, kila nikitoka kazini nilikwenda kwenye mji ule, karibu saa nzima kwa miguu, kumnyoosha mtoto mguu. Nilichonga ubao wa kushikilia kanyagio lake, nikaufungia kitambaa. Na jamani, walinishukuru! Mama yake alininywesha maziwa kwa kikombe cha wageni. Alisema, "Nesi gani anakujaga mpaka nyumbani kwa mtu? Mungu akuweke." Nilikunywa. Nilikuwa nikiapa njiani kwamba leo nasema, nikifika nasema kesho. Usingizi ulinihama, chakula kilinishinda, nilikuwa natembea haraka kila mahali hata kwenda chooni, kama kwamba nikikimbia vya kutosha mguu utapona kabla sijafungua mdomo. Niliogopa kufukuzwa, ndiyo. Ila zaidi niliogopa lile jicho la shukrani ligeuke. Niliona afadhali nife nikiitwa nesi mwema.

Siku ya tisa nilifika, Robi sikumkuta.

"Ameenda kwao Butiama kidogo," mama Nyangi alisema, na hakunitazama. Nikamshika Nyangi mguu, nikaanza kunyoosha. Mama yake akasogea, akashusha sauti. "Nesi, wewe ulikuwepo. Ulisikia mwenyewe alichosema. 'Miguu yako nimeikamata, kesho hunikimbii tena.' Na ndivyo ilivyokuwa. Mtu hajazaa, anakaa anamwangalia mtoto wa mwenzake miaka yote hiyo. Sisi ni watu wa kanisa, hatusemagi hayo mambo. Lakini si ulisikia?"

Nilisikia. Nilikuwa nimeshika kisigino cha mtoto, na mikono yangu ikasimama.

Akaniambia kikao cha familia ni Jumapili mchana baada ya misa. Sospeter ataambiwa kama mke huyo anarudi au ndiyo basi. Na Mzee Magesa anaomba nije, niwe shahidi.

Mnaona? Nilinyamaza ili nisiharibu jina langu, na ukimya ule haukukaa bure. Ulitafuta mtu wa kumbebesha, ukampata aliye dhaifu kuliko wote pale nyumbani. Bado nikakaa siku mbili nyingine. Nimejiuliza tangu hapo zilikuwa za nini zile siku mbili, na jibu zuri sina.

Jumapili nilikwenda. Walikuwa wameketi kivulini nyuma ya nyumba ya mzee, wanaume kwenye viti na magogo, wanawake kwenye mikeka. Nilipewa kiti na kikombe changu cha maziwa. Mzee Magesa alikuwa mtu mkubwa, mikono mipana, amechinja ng'ombe wa harusi na misiba ya kata nzima. Akasema kwa upole, "Nesi, tuambie ulichosikia siku ile."

"Nilimsikia Robi akisema hivyo," nikasema. "Na sote tulicheka, kwa sababu ulikuwa utani. Mguu wa Nyangi nimeuharibu mimi. Nilimchoma mahali pabaya. Robi hana kosa."

Hakuna aliyepiga kelele. Mzee Magesa akatikisa kichwa polepole, karibu atabasamu. "Una huruma, binti yangu. Tunakujua. Unakuja kila siku kwa miguu yako. Lakini usijibebeshe mzigo usio wako kwa ajili ya mtu."

Hilo sikuwa nimelitegemea. Nilijiandaa kwa matusi, kwa fimbo, kwa kila kitu, sio kwa kutosadikika. Wema wangu wote wa kile kikombe cha maziwa ulikuwa umesimama mbele yangu kama ukuta. Nikaeleza mshipa, nikaeleza robo ya juu ya nje. Wakanisikiliza kama wanavyosikiliza mahubiri ya mgeni. Mzee akaanza kusema, basi tuendelee na jambo letu, na hapo macho yangu, yanayohangaika siku zote, yakatua zizini. Kulikuwa na dume mwekundu, anaburuta mguu wa nyuma.

"Wambura," nikaita. "Yule dume wako, aliyemroga ni nani?"

Wambura akashangaa. "Dume? Hajarogwa. Nilimchoma sindano mwenyewe, alipokuwa na homa. Nilichoma vibaya."

"Ulichoma wapi?"

"Hapa nyuma." Akajipiga tako kwa kofi. "Bwana mifugo alikuja kunigombeza, akasema ng'ombe achomwage shingoni. Eti nyuma kuna..." Akaacha hapo. Mdomo ulibaki wazi.

"Kuna nini?" nikauliza. Nikamgeukia mzee. "Baba, wewe umepasua mapaja ya ng'ombe wengi. Kuna kamba nyeupe inayopita ndani ya nyama, haina damu."

"Ipo," Mzee Magesa akasema. "Nene kama kidole. Kisu kinaitelezaga."

"Mtu anayo vile vile."

Mzee akamwita mjukuu wake. Nyangi alikuja, pap, pap, akasimama kati ya magoti ya babu yake. Mzee hakumvua nguo. Aliweka ile mikono mipana juu ya gauni, akatafuta kwanza mfupa wa pembeni, halafu mfupa wa kukalia, akabonyeza katikati kwa dole gumba. Wanangu, mtu yule hakukanyaga darasa la uuguzi hata siku moja, na nyonga aliisoma kuliko mimi. Alipofika kwenye lile donge gumu lililoachwa na kwinini, mtoto akaguta. Mzee akaacha dole gumba palepale, bila kubonyeza, muda mrefu.

"Inapita hapa," akasema. "Tumemwonea binti wa watu."

Mama Nyangi hakulia wala hakunitukana. Aliinuka, akachukua kikombe cha maziwa kilichokuwa mbele yangu, kimejaa bado, akakirudisha ndani. Niliona aibu kiasi ambacho sijui kukiandika. Na pamoja na aibu, nisiwafiche, pumzi ilishuka kifuani kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na moja.

Yaliyofuata nayasema upesi. Nilijiripoti mwenyewe kwa mganga mfawidhi, nikapewa barua ya onyo, baadaye nikahamishwa Bunda. Kabla ya kuhama niliendelea kwenda kumnyoosha Nyangi, bila maziwa, na mama yake alikuwa akinifungulia mlango bila kuniamkia. Ilichukua miezi mingi. Kidole gumba cha mguu ndicho kilichoinuka kwanza. Leo ni mtu mzima, anatembea, anauza vitenge, na akichoka mguu wa kulia unabaki nyuma kidogo. Robi alirudi kwa mumewe baada ya mavuno, ila alimwambia Sospeter ajenge nyumba yao nje ya ua wa mzee. Na hakumsuka tena Nyangi. Mtoto alikuwa akimfuata mpaka mlangoni na nywele zake timtim, na Robi alimwambia, "Nenda kwa mama yako."

Kwa hiyo nikisema gusa mfupa kwanza, sisemi kwa ajili ya mguu peke yake. Mwambie mama mwenye haya kwamba utafunga mlango, baba asubiri nje, nguo ishuke yote, na kama mtoto ni mdogo, nenda pajani hata wakununie. Na mkono ukikosea, maana mtakosea, tamka hapo hapo chumbani, mtoto akiwa bado mapajani mwa mama yake. Msisubiri kujua mtasemaje. Nimechelewa kuwaambia lililo gumu kuliko yote, nimezunguka nalo kurasa hizi zote, na sasa sina pa kuzungukia.

Jumatatu, siku moja baada ya kikao, tulikwenda Butiama watu watatu, Mzee Magesa, Sospeter na mimi, kwenye nyumba ya kaka yake Robi. Tulimkuta uani anachambua maharage kwenye ungo. Mzee akaomba radhi kwa maneno mazuri, maneno ya mtu mzima aliyekosea na anajua. Halafu nikasema mimi, yote, tangu sketi ilivyopandishwa. Robi alisikiliza bila kuinua uso, anatoa mawe, anayatupa.

"Nesi," akauliza, "ulijua lini?"

Ningeweza kusema jana. Hata mzee asingejua.

"Siku ile ile," nikasema. "Nilipomaliza foleni."

Mikono yake ikatulia ndani ya ungo.

"Mimi nilikuwaga nalala nawaza nilimwangaliaje yule mtoto," akasema. "Mpaka nikaona labda ni kweli, labda ninayo hiyo kitu na siijui. Juzi Jumamosi nilienda kwa padri. Nimeshaungama kwamba nimemlemaza Nyangi."